Mtu Aliyeitika Jina la Marehemu

"Nipo."

Hukusikia vibaya, msomaji wangu, wala Samir hakusikia vibaya. Neno hilo lilitoka nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na mlango, na mwenye kulisema alikuwa ameshazikwa miaka saba iliyopita.

Kwa wewe uliyeazima gazeti hili kwa jirani na unakutana nasi leo, ngoja nikushike mkono uvuke. Tuko katika ukumbi wa jamii wa Ruiru, Jumapili alasiri, mwaka wa 1997, kwenye disko la mchana la vijana. Jukwaani yupo Samir, kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Majengo ya Thika, ambaye mashabiki humwita Msumari. Hana kampuni wala mdhamini. Kaseti zake huzitoa yeye na rafiki yake Boaz kwa redio ya kaseti mbili, moja baada ya nyingine, mpaka redio ipate joto wazime wapumzike. Na bado hakuna kinyozi kutoka Kiuu mpaka Ngoliba asiyekuwa nazo.

Wimbo wake wa kufungulia shoo ni "Getini". Ndani yake Samir huigiza nyapara wa kile kiwanda cha godoro kilichoteketea Thika Novemba ya 1990, milango ikiwa imefungwa kwa nje. Huita majina ya vibarua kumi na mmoja waliofia humo, jinsi walivyokuwa wakiitwa kila alfajiri langoni, na baada ya kila jina ukumbi mzima hujibu, "Hayupo." Ni wimbo wa kutia baridi. Wasichana hulia, na wavulana hujifanya wana mafua.

Jina la kumi na moja ni Ndambuki wa Ngoliba. Leo, kabla vijana mia tatu hawajafungua kinywa, mtu mmoja alijibu peke yake.

Watu walicheka kwanza, wakidhani ni mchezo uliopangwa. Kicheko kilikufa walipoona uso wa Samir.

Aliyejibu alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa koti la kazi za shamba la kahawa, kofia mkononi. Hakuwa mlevi, hilo lilionekana wazi. Alimtazama Samir kwa huzuni, kisha akageuka na kutoka nje taratibu.

Samir aliitupa maiki, akaruka chini na kupasua umati. Nyuma yake Boaz, ambaye akili yake haijawahi kulala kazini, alibonyeza mdundo mtupu ili watu wasiondoke.

Samir alikuwa amejaa hasira. Majina yale hayakuwa mzaha kwake. Aliyanakili mwenyewe akiwa na miaka kumi na miwili, kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa langoni, siku alizokuwa akiuza njugu pale. Mwezi uleule baba yake alikuwa amewatoroka, na mama yake alikuwa amemkabidhi bakuli la njugu badala ya mkoba wa shule. Tangu hapo wale watu kumi na mmoja hawakumwacha. Huwaota wamepanga foleni langoni, wamempa mgongo, na yule wa mwisho huanza kugeuza shingo. Samir huamka kila mara kabla hajauona uso wake.

Alimkuta yule mtu nyuma ya ukumbi, karibu na tangi la maji. Alimkamata ukosi na kumuuliza ni nani aliyemtuma kuja kumharibia shoo.

Mtu yule hakujitetea. Alitia mkono mfukoni, akatoa kitambulisho kilichochakaa kingo na kumpa. Picha ilikuwa yake, ila alikuwa kijana zaidi. Jina lilikuwa Ndambuki, mzaliwa wa Ngoliba.

Samir aliuachia ukosi, na bila kujua sababu akajikuta anafuta kiganja kwenye suruali.

"Mimi si pepo, kijana," mtu yule alisema. "Shika mkono uone."

Samir hakuushika. "Wewe umezikwa," alisema.

"Nimezikwa, ndio. Nilikuwa nyuma ya zizi ya mbuzi, nikiangalia."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Maneno yaliyofuata Ndambuki aliyasema akiwa ameinamia kofia yake, nami nitayafupisha, maana yeye aliyazungusha sana.

Kule kiwandani kulikuwa na desturi waliyoiita kuvaa jina. Nyapara Mburu alikuwa na kitabu cha vibarua, na kila alfajiri aliita majina kutoka humo bila kuinua macho. Ukiitwa usiitike siku moja tu, jina lako linakatwa, na nje ya lango wako watu hamsini wanaolitaka. Sasa Ngoliba ni nchi kavu. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi lazima uwe shambani na mbegu, maana ikiondoka haikupi taarifa ya kurudi. Kwa hiyo watu wa Ngoliba mvua ikinyesha walitafuta mtu aliyesimama nje ya lango, wakampa jina alivae siku mbili tatu, aitike badala yao. Mburu alijua, lakini hakujali ni koo la nani limeitika, mradi mashine ina mtu.

Novemba hiyo mvua ilinyesha Ngoliba. Ndambuki alilitoa jina lake kwa siku tatu, akaenda kupanda ndengu. Siku ya pili kiwanda kiliungua.

Miili haikutambulika. Wakubwa walichukua kitabu cha Mburu, wakaangalia nani aliitika alfajiri hiyo, na kwa kitabu hicho wakaandika majina ya marehemu. Jioni Mburu mwenyewe alifika Ngoliba. Alimwambia Ndambuki kwamba serikali ikijua, wao wawili watafungwa kwa kifo cha mtu asiyekuwa hata kitabuni. Heri Ndambuki abaki amekufa. Jeneza lilikuja limefungwa, likazikwa pembeni ya shamba, na mke wake Ndambuki alilia kwa sababu Mburu alikuwa amesimama pale akimwangalia. Wiki hiyohiyo marehemu alihamia Ruiru, kwenye mashamba ya kahawa.

"Huko naitwa Kilonzo," alisema. "Hata mimi sasa navaa jina ya mtu."

Hapo Samir aliuliza swali ambalo, niamini, angeliacha lilale. Aliuliza ni nani basi aliyekuwa amevaa jina la Ndambuki siku ya moto.

"Alikuwa mtu wa Majengo. Mpole, anapenda kuimba. Alikuja getini asubuhi na patipati, ndala hizi za mpira. Nikamwambia ndugu yangu, huwezi kuingia kwa mashine na patipati. Nikampa gambuti zangu."

Ndani ya ukumbi, kwa bahati mbaya iliyoje, vijana walikuwa wamechoka kusubiri. Walianza kupiga miguu sakafuni na kudai wimbo wanaoupenda kuliko yote. "Mtoro! Mtoro! Mtoro!"

Nao huo lazima nikueleze, maana ndio uliomfanya Samir awe Msumari. "Mtoro" ni wimbo wa kumtukana baba yake. Aliutunga akiwa na miaka kumi na sita, kwa uchungu mtupu, na kila mtoto aliyeachwa na baba kati ya Thika na Kahawa Wendani anaujua kwa moyo.

*Ulitoka alfajiri, hukumuaga mtu,*
*Ukatuachia mlango na jozi ya viatu.*
*Mtoro, eh, mtoro! Mlango tumefunga,*
*Hata ukirudi leo, hatukupi hata unga.*

Viatu hivyo vipo mpaka leo, vya ngozi nyeusi, chini ya kitanda cha mama yake. Samir alikuwa ameviimba mara mia mbili, na hakuwahi hata mara moja kujiuliza. Mtu anayetoroka mke na watoto huondokaje na patipati, akaacha viatu vyake vizuri mlangoni?

"Usilitaje jina lake," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

"Alikuwa anaitwa Salehe," Ndambuki alisema.

Samir alimpiga ngumi ya mdomo. Ndambuki aliangukia tangi, akajishika, akasimama tena palepale kama mtu anayengoja ya pili. Damu ilimtoka kwenye jino, naye akaifuta kwa kofia.

"Piga, una haki," alisema. "Mimi nilikuwa nimenyamaza mpaka nife kweli. Lakini mwezi jana vijana wa kuchuma kahawa walileta kaseti yako, nikauliza, nikaambiwa ni ya mtoto wa Salehe wa Majengo. Nikasikia jina yangu, unanililia. Nikasema sawa, huyo mtoto analilia baba yake bila kujua, Mungu anajua. Halafu wakageuza kaseti. Upande wa kwanza unamlilia, upande wa pili unamtukana. Ni mtu mmoja, kijana yangu. Ni mtu mmoja."

Samir alikaa chini kwenye tope la tangi na suruali yake nyeupe ya shoo. Alilia, na sioni aibu kukuambia hivyo, maana hata wewe ungelia.

Alipopata pumzi alisema jambo la kwanza lililomjia: lazima aende Thika sasa hivi akamwambie mama yake. Miaka saba mama yule amechekwa kisimani na sokoni kwamba mumewe alimkimbia. Leo atapumua.

Ndambuki aliikunja kofia yake.

"Mama yako anajua," alisema. "Nilimwambia mwenyewe, siku arobaini baada ya moto. Alinipa chai. Akaniomba nisiwahi kurudia hayo maneno kwa mtu."

Kabla Samir hajauliza maana ya hayo, Boaz alitokea mlango wa nyuma akihema. "Msumari, wasee wanavunja viti huko ndani, na wewe uko huku unapiga stori na huyu budaa?" Aliona damu, akaona tope. Lakini shoo ni shoo. Alimwinua rafiki yake, akampangusa kwa fulana yake mwenyewe na kumsukuma jukwaani.

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Boaz aliachia mdundo wa "Mtoro", na Samir akainua maiki, kinywa wazi.

Hakuna kilichotoka.

Vijana walidhani amewaachia waimbe wao, nao wakaimba. Waliimba mia tatu kwa pamoja, mikono juu, nyuso zimejaa jasho na furaha. Walimwambia Salehe kwamba hakumuaga mtu. Walimwambia mlango umefungwa. Kwenye mstari wa viatu wengine walivua vyao na kuvipunga hewani, kama ilivyokuwa desturi yao kila shoo. Samir alitazama viatu vile na akahisi kuna mtu amesimama mgongoni kwake, karibu kiasi cha kumpulizia shingo. Hakuthubutu kugeuka. Aliiweka maiki sakafuni na kutoka kwa mlango wa pembeni, na wao wakaendelea kuimba bila yeye.

Usiniulize alifikaje Thika, hata yeye hajui. Alipofika Majengo jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Dada yake Leila alikuwa madrasa. Mama yake, Bi Khamisa, alikuwa amekaa kwenye kizingiti na ungo mapajani, anachambua mchele.

"Umerudi mapema," alisema.

"Nimekutana na Ndambuki," Samir alijibu.

Vidole vya Khamisa viliendelea kutoa mawe kwenye mchele, moja, jingine, jingine tena. Hakushtuka, hakuuliza Ndambuki gani. Hapo ndipo Samir alipojua kuwa yote ni kweli.

Alimwomba aseme. Alimwomba mara mbili, na ya tatu alipaza sauti mpaka jirani akafungua dirisha. Khamisa alimngoja jirani afunge.

"Baba yako alikaa wiki tatu bila kibarua," alianza. "Anakaa hapohapo nilipokaa mimi, anaimba. Nyinyi mnalia njaa, yeye anaimba. Alfajiri ile nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia mume asiyeleta kitu si mume. Nikamsukuma nje, watu wanaona. Hata viatu sikumpa nafasi avae. Nikamwambia usirudi bila kazi. Basi akaipata kazi, Samir. Akaipata kwa jina la mtu mwingine, na usiku ule hakurudi, na kesho yake kiwanda kikaungua."

Samir aliuliza kwa nini basi alimwacha aamini kwamba baba yake alitoroka. Kwa nini alimwacha atunge ule wimbo, auimbe nyumbani, aurekodi, auuze barabarani.

"Maiti haumwi na matusi. Mimi ningeumwa." Macho yake yalikuwa makavu. "Nilikuwa na nyinyi wawili tu duniani. Nilitaka mumchukie yeye kwa kuondoka, msinichukie mimi kwa kumfukuza."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mjane huyu hakukaa eda hata siku moja. Alivaa nguo za rangi, akaenda sokoni, akachekwa kuwa ni mwanamke aliyekimbiwa, na kila aliyemcheka alimsaidia kuficha. Mume wake hakuswaliwa. Amelala pembeni ya shamba la ndengu Ngoliba, chini ya msalaba wenye jina la mtu aliye hai.

"Ile kaseti yako naisikiliza," Khamisa aliongeza. "Kila Ijumaa, nikiwa peke yangu. Upande wa kwanza. Ukifika jina la Ndambuki naitikia Inna lillahi. Ndiyo matanga niliyokaa, hayo tu."

Samir alitaka kumshika mkono na alitaka kumkimbia. Vyote viwili vilimvuta kwa nguvu sawa, na kwa hiyo alibaki amesimama. Alimpenda mama huyu aliyemlea kwa njugu na vitumbua. Na mbele ya macho yake alimwona mtu mpole wa patipati akisukumwa nje gizani.

Alimwambia ameamua. Jumamosi ana shoo kubwa Thika, karatasi za tangazo ziko kwenye kila nguzo, na watu wa kiwanda watakuwepo. "Mtoro" hataimba tena. Ataita majina kumi na moja, na la mwisho atalibadilisha aseme la kweli. Salehe wa Majengo. Kisha ataeleza alifikaje langoni.

Khamisa alimsihi. Alimwambia aimbe kama kawaida, maana akiacha, watu watauliza kwa nini ameacha. Alimwambia Leila ana miaka kumi na mitano, na mtoto wa kike akijua jambo kama hili kuhusu mama yake hataliweka chini mpaka kaburini. Samir alitikisa kichwa. Alisema baba yake amekaa bila jina muda wa kutosha.

Ndipo Khamisa aliposimama, akakung'uta makapi kwenye leso yake. Katika miaka yote ya Msumari mama huyu hakuwahi kukanyaga ukumbi wowote alikoimba. Husema muziki ule ni kelele za wahuni.

"Basi nitakuja," alisema. "Jumamosi nitakuja na Leila, tutasimama mbele kabisa, pale unapoweza kutuona. Ukitaka kuwaambia watu ni nani aliyempeleka baba yako kwenye moto, waambie ukiniangalia machoni."

Akachukua ungo wake, akaingia ndani. Samir alibaki kwenye kizingiti, na akasikia mama yake akiwasha jiko kupika chakula cha watu watatu.